Kovu la moto usoni: naomba ushauri kabla sijapasuliwa

Tulia_N: Wakuu, heshima kwenu. Mwaka jana niliungua usoni kwa mafuta ya moto. Kidonda kimepona ila kovu la shavu limevimba na kukakamaa, nimechoka kutazamwa. Kuna daktari anasema atalifuta lisionekane kabisa. Nifanye sasa au nisubiri?

babu_kijiwe: Binti yangu, anayekupenda atakupenda na kovu lako. Urembo wa kisu ni anasa.

Mkono_Mzima: Babu, huu si urembo. Mimi vidole vilijikunja hadi kiganjani, kifungo cha shati nilifungiwa na mke. Wakachana kovu, wakapandikiza ngozi ya pajani. Paja liliniuma kuliko mkono! Halafu ukilala unafungwa kibao cha kunyoosha vidole kwa miezi, maana ngozi ile hujikunja tena. Leo nashika kalamu.

sista_wodini: Pole mdogo wangu. Kovu huchukua mwaka hadi miwili kutulia, ndiyo maana wengi huambiwa wasubiri. Na hakuna anayelifuta kabisa, hulainishwa na kupunguzwa tu. Ila hujatuambia: ukilala, jicho la upande huo linafumba?

Tulia_N: Linafumba, ila si lote. Kovu limevuta kope la chini. Daktari wa kwanza alitaka aanze na kope, shavu baadaye. Lakini nina harusi, na huyu wa pili nimeshamlipa nusu. Jicho linaona vizuri, likisubiri kuna ubaya gani?

Kamanda77: Chai hii. Mara shavu, sasa jicho na harusi, kesho litakuja sikio. Akaunti yenyewe ya juzi.

Tulia_N: Kaka, nitunge ili nipate nini? Kila usiku napaka dawa ya macho, nabandika plasta kutoka kwenye nyusi hadi shavuni. Asubuhi plasta imeachia, jicho jekundu linawasha kama limeingia mchanga. Picha siweki.

Mkono_Mzima: Kamanda, mambo ya plasta kuachia usiku mtu hatungi. Muombe radhi.

sista_wodini: Huo wekundu wa asubuhi ndio unaonitisha. Kioo cha jicho kikikauka kinachubuka, kinapata kidonda, kidonda kinaacha chamba, na chamba kinakula uwezo wa kuona. Shavu litakungoja, jicho halingoji. Vita Kuu ya Pili, daktari wa upasuaji McIndoe alipokuwa akiwatibu marubani walioungua pale East Grinstead, Uingereza, kope zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kurekebishwa. Kwenye kope hutumika ngozi nzima, yaani ya unene wake wote, mara nyingi ya nyuma ya sikio, kwa sababu haijikunji sana kama ile nyembamba ya pajani. Tena shavu likichezewa kabla ya kope kulegezwa, linaweza kulivuta zaidi. Kesho nenda wakakague hicho kioo.

Tulia_N: Na hela yangu?

babu_kijiwe: Idai, binti yangu. Jicho kwanza. Hilo sikulijua nilipoandika mwanzo.

Tulia_N: Nitampigia yule wa kwanza asubuhi. Ila shavu sijaliacha.