Kuanzisha shirika la kuwatumia askari vifurushi

Swali: Ndugu zangu, sisi ni majirani wachache tunaotaka kuwatumia askari wa Marekani walio ng'ambo vifurushi vya soksi, sabuni, kahawa na barua. Tuanzie wapi?

Jibu la 1: Anzeni na majina kabla ya kununua chochote. Baada ya mashambulizi ya kimeta yaliyopitia posta mwaka 2001, jeshi lilisitisha mpango wa kupokea vifurushi vilivyoandikiwa "askari yeyote", kwa hiyo mtahitaji anwani kutoka kwa askari mwenyewe au familia yake, nanyi mna wajibu wa kuzitunza kwa siri, kwani zinagusa usalama wa kikosi.

Jibu la 2: Naongeza kuhusu posta. Anwani za APO na FPO, yaani anwani za posta ya jeshi la Marekani (APO ya nchi kavu na anga, FPO ya wanamaji), hutozwa nauli ya ndani ya Marekani, na sanduku kubwa la bei moja (bei haibadiliki kwa uzito) lina punguzo kwa anwani hizo. Hata hivyo fomu ya forodha ni lazima. Msitume pombe, na kwa nchi kadhaa za Kiislamu msitume nyama ya nguruwe. Sabuni ifungwe mbali na chakula, la sivyo biskuti zitafika zikinuka marashi, jambo ambalo linasikitisha baada ya jitihada yote hiyo. Barua za mkono zisikosekane. Kwangu mimi ndizo kiini cha kifurushi.

Jibu la 3: Fungueni akaunti yenye watia saini wawili, na ombeni hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato Marekani, ili wafadhili waweze kupunguziwa kodi kwa michango yao.