Ulinganisho: amplifaya ya stirio yenye nguvu kwa sebule ya mita 5 kwa 4. Yamaha, Crown, Fosi, mtumba wa Japani au ya fundi?

Kibarazani:
Wakuu, heshima kwenu. Spika ni za kusimama, ukinzani omu 6, sauti desibeli 87 kwa wati 1 ukipima mita 1. Kiti kiko mita 3. Muziki ni taarabu, dansi la zamani na besi ya kisasa mara mojamoja. Chanzo ni simu na TV. Umeme wa Dar, jioni unashuka hadi volti 190. Zilizo mezani: Yamaha A-S501, Crown XLS 1502, Fosi V3, mtumba wa Kijapani wa volti 100, na ya fundi yenye transista za namba 5200 na 1943. Ipi ina nguvu za kweli?

Mzee wa Transfoma:
Mkuu, kabla ya kutaja majina tupige hesabu, maana wati zinadanganya kuliko mizani ya sokoni. Kwa mita 3 ndani ya chumba chenye kuta unapoteza kama desibeli 6, na spika mbili zinakurudishia 3. Kwa hiyo wati 1 kila upande inakupa kama desibeli 84 hapo kitini, na hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mgeni apaze yake. Ngoma na tarumbeta hupanda desibeli 15 juu ya wastani, yaani unahitaji wati 32 kwa kilele. Weka akiba mara mbili, unafika 64.

Wati ikiongezeka mara mbili unapata desibeli 3 tu. Kutoka 85 za Yamaha hadi 300 za Crown ni desibeli 5.5. Utaisikia, lakini usitegemee sauti mara nne.

Na yale mabuku ya "PMPO 5000W" kwenye kasha la sabufa, geuza kifaa usome nyuma: matumizi ya umeme wati 60. Haiwezi kutoa kisichoingia.

BesiNzito:
Mzee kasema kweli, ila umeme wa 190 usiuruke. Amplifaya ya klasi AB, ule muundo wa kawaida wa transista, yenye transfoma ya kawaida, kama hiyo A-S501, nguvu inashuka kwa mraba wa volti. 190 kwa 230, ukizidisha yenyewe kwa yenyewe, ni 0.68. Wati 85 zinabaki kama 58. Kwa masikio ni pungufu ya desibeli 1.7, si msiba.

Sifa ya A-S501 kwangu si wati. Ina tundu la optiko kwa TV, ingizo la santuri, tundu la sabufa, rimoti, na kile kitufe cha Loudness kinachozungushwa taratibu. Usiku ukipunguza sauti, besi haipotei. Kwa anayetumia simu na TV, hiyo imemaliza kazi bila kununua kiboksi kingine.

Mdau wa Waya:
Naitetea Fosi V3, ila kwa masharti. Ndani kuna chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments. Kampuni inaandika wati 315 kwa omu 4, lakini hapo sauti imeshaharibika asilimia 10. Kwa uharibifu wa asilimia 1 ni 260, na zote kwa volti 51. Sasa angalia adapta iliyo kwenye kasha. Ya volti 32 kwa ampea 5 ni wati 160 kwa pande zote mbili. Ya volti 48 kwa ampea 5 ni 240.

Kwa spika zako za omu 6, volti 32 zinakupa kilele cha kama wati 75 kila upande. Kwa volti 48 chipu inaweza kufika 160 na zaidi, lakini adapta haiwezi kulisha pande zote mbili kwa pamoja muda mrefu. Muziki hauhitaji hivyo, kilele kinapita haraka. Atakayeumia ni mwenye kupiga sauti ya mfululizo ya majaribio. Chukua ya 48, ya 32 iache dukani. Umeme ukishuka hadi 190 adapta nzuri haijali, volti zake zinabaki palepale.

Kinachoua hizi chipu ni kitu kimoja: waya mweusi wa spika SI ethi. Kila upande unasukumwa kwenye nyekundu na kwenye nyeusi. Ukiunganisha nyeusi mbili pamoja, au ukazigusisha kwenye bodi la chuma, au ukaweka swichi ya spika yenye nyeusi moja ya pamoja, chipu inakufa na haina kutengenezwa mezani. Pia haina rimoti, utanyanyuka.

BesiNzito:
Hilo la nyeusi liandikwe kwa wino mwekundu.

Mkaguzi wa Mtumba:
Mtumba wa Kijapani unawapendeza watu kwa uzito wake, na kweli ndani kuna transfoma na hitisinki (vyuma vya kupoza) zinazostahili. Japani wanatumia volti 100 nchi nzima, lakini mashariki ni hezi 50 na magharibi hezi 60, kwa hiyo vifaa vyao huandikwa 50/60. Shida yako ni volti tu. Wa Kimarekani mara nyingi umeandikwa 120V 60Hz peke yake. Huo kwenye hezi 50 transfoma yake inachemka hata ukishusha volti.

Kosa linalorudiwa ni kununua stepudauni (transfoma ya kushusha volti) ya volti 110. Hiyo imelengwa vifaa vya Kimarekani. Kwa kifaa cha volti 100 umezidisha asilimia 10, na usiku wa manane umeme ukipanda hadi 250, kinapokea karibu 120. Kapasita zinavimba na transista zinachemka bila muziki wowote. Tafuta yenye tundu la 100. Ukubwa: nyuma ikiandikwa wati 200, chukua ya VA 500 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma).

Ukaguzi kabla ya kutoa pesa, bila spika:
Chomeka kwenye stepudauni, uwashe kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme unaoingia kwenye stepudauni. LED haifai. Balbu ikimulika kisha ikafifia, sawa. Ikiwaka kwa nguvu mfululizo, kuna shoti ndani, rudisha. Ikipita hapo, itoe balbu, chomeka stepudauni ukutani moja kwa moja, usikilize rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika). Inapaswa kulia "tak" baada ya sekunde 3 hadi 5. Isipolia, ulinzi umeona hitilafu. Kisha weka mita kwenye DC milivolti, gusa tundu za spika, nyekundu na nyeusi za upande mmoja, subiri dakika 5. Chini ya 50 endelea. Juu ya 100 mwite fundi. Ukiona volti nzima, usithubutu kuweka spika, koili itaungua kama pasi.

Upande mmoja ukiwa kimya mpaka uongeze sauti ndipo uibuke, ni midomo ya rilei imechafuka. Kusugua kunasaidia wiki chache. Badilisha rilei.

FundiBodi:
Za 5200 na 1943 msizidharau, zikiwa halisi. Toshiba aliiandikia 2SC5200 volti 230, ampea 15, wati 150. Zilizojaa mitaani nyingi ni bandia zenye kipande kidogo cha silikoni ndani. Kwenye mita zinapima vizuri, ukikaza sauti zinapasuka. Futa maandishi kwa asetoni: yakitoka, itilie shaka.

Transfoma ya 35-0-35 (volti 35 kila upande wa waya wa kati) baada ya umeme kunyooshwa kuwa DC ni kama volti 48 kila upande. Omu 8, wati 100 za kweli. Hapo kapasita iwe ya volti 63. Mafundi wanaweka za 50 kwa kuwa zinatosha siku ya kupima. Umeme ukifika 260, hizo 48 zinakuwa 54, na kapasita inapasua kifuniko. VA 300 inatosha pande mbili. Mwulize fundi mambo mawili: rilei ya kulinda spika ipo? Na transista ya kudhibiti bayasi (umeme mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki) imegusishwa kwenye hitisinki? Akijibu "haina haja", ondoka. Bila ya kwanza, transista moja ikifa volti 48 za DC zinaenda moja kwa moja kwenye wufa (spika ya besi).

Mzee wa Transfoma:
Crown tumeiacha. Wati 300 kwa omu 8, 525 kwa omu 4, kilo 4 hivi, inapokea RCA (waya zenye ncha nyekundu na nyeupe). Lakini ina feni, na ndani ya sebule usiku utaisikia. Haina rimoti wala tundu la TV, ni ya kufungwa nyuma ya miksa. Swichi ya usikivu (volti za kuingia zinazotosha kufikisha nguvu yote) iweke volti 0.775, maana swichi ikiwa kwenye 1.4 simu itaonekana goigoi. Kwa chumba hiki ni gari la mchanga kupelekea mtoto shule.

Mdau wa Waya:
Nakubali, ila kwa mwenye spika za desibeli 84 na sebule ya mita 8, ndiyo ningeichukua.

Kibarazani:
Asanteni wakuu. Naelekea A-S501. Spika moja iko mita 10 kwa njia ya ukutani. Waya gani?

Mdau wa Waya:
Shaba ya milimita za mraba 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 20, ukinzani omu 0.14. Ile nyembamba ya 0.5 inakupa karibu 0.7, besi inalegea. Kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Hiyo chukua ya milimita za mraba 4 au iache. Na upande wa karibu weka waya uleule, urefu usikusumbue.

Mkaguzi wa Mtumba:
Na kabla ya kuondoka dukani soma bamba la nyuma: 230V. Zinaingia na za volti 120 pia, kasha ni lilelile.