Naomba ushauri: Baba mkwe anasema vyombo vya habari vinayaonea magari ya Kimarekani, na mimi nataka kununua la Kijapani

Mkwe wa Lansing (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaishi Lansing, Michigan, huu ni mwaka wa 11, na nimeoa huku. Baba mkwe wangu ni mstaafu aliyefanya kazi miaka 31 katika kiwanda kimoja cha magari, akianzia kwenye kufunga milango na kumalizia kwenye ukaguzi wa rangi. Nyumba yake, pensheni yake na karo ya chuo ya mke wangu vyote vilitoka humo. Gari la Kijapani halijawahi kulala uani kwake. Siku niliyokwenda kujitambulisha nikiwa na Corolla yangu ya mtumba, alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa, kisha akaniomba kwa upole niihamishie ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya jirani. Nilidhani ni utani wa wakwe. Hadi leo ninaegesha huko.

Sasa Corolla hiyo imefika mwisho. Injini haina neno, lakini chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji imekula sakafu kiasi kwamba upande wa abiria unaiona lami ikipita. Mimi na mke wangu tumetenga dola 30,000 hivi. Ninaitamani Honda CR-V. Mzee anataka tuchukue Chevrolet Equinox, kwa kuwa punguzo la familia za wastaafu linatufikia na sisi. Nilipomwonyesha makala tatu za ukaguzi, zote zikiiweka CR-V juu, alivua miwani, akasema kwamba waandishi hao hawajawahi kuipenda Detroit, yaani kampuni za magari za Kimarekani: gari la Mjapani likiharibika wanaandika kuwa ni bahati mbaya, la Detroit likiharibika wanaandika kuwa ndiyo tabia yake.

Nilitaka kucheka, lakini usiku nikajiuliza kama kuna ukweli. Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie kujua kama upendeleo huo upo kweli, na wenye busara waniambie namna ya kununua gari nikitakalo bila kuegesha ng'ambo ya barabara miaka mingine kumi.

Mwana wa Ilala

Chukua Honda, egesha kwa jirani. Mkwe hakulipii fundi.

Msomaji Mkongwe

Mleta uzi, swali lako lina majibu mawili, kwa sababu baba mkwe wako ana haki katika jambo moja na amepotoka katika jingine, na watu wengi huyachanganya.

Nianze na pale alipo na haki, kwa sababu kumbukumbu za watu wa Michigan hazikuanguka kutoka mbinguni. Novemba 1992, kipindi cha Dateline cha televisheni ya NBC kilionyesha pikapu ya GM (General Motors, kampuni mama ya Chevrolet) ikigongwa ubavuni na kushika moto. Kumbe watayarishaji walikuwa wamefunga chini yake vifaa vidogo vya kuwashia moto bila kumwambia mtazamaji. GM ilichunguza mabaki, ikafungua kesi Februari 1993, na siku iliyofuata NBC ikaomba radhi hewani. Mkuu wa idara ya habari wa kituo hicho alijiuzulu muda mfupi baadaye. Ubaya wa hila ile ni kwamba lilikuwepo swali la haki la kuuliza kuhusu pikapu zile, ambazo matangi yake ya mafuta yalikaa nje ya fremu, lakini baada ya udanganyifu ule mtu yeyote wa Flint au Pontiac, miji ya viwanda vya GM, aliyesikia habari mbaya kuhusu GM alikuwa na sababu ya kusema "hao tena". Kama mzee wako alikuwa kiwandani mwaka huo, usitegemee kwamba amesahau.

Hata hivyo, hila kama hiyo haikuwapata Wamarekani peke yao. Mwaka 1986 kipindi cha 60 Minutes cha CBS kiliishutumu Audi 5000 kwamba inaondoka yenyewe kwa kasi, na mauzo ya Audi nchini Marekani yakaporomoka kwa miaka mfululizo, ingawa serikali ilipochunguza ilihitimisha kwamba kwa sehemu kubwa madereva walikuwa wakikanyaga pedali isiyo yake. Nayo Toyota, ambayo watu husema inabembelezwa, ilipigwa mwaka 2009 na 2010 kwa habari za magari kwenda kasi bila kuzuilika mpaka rais wake, Akio Toyoda, akaketi mbele ya Bunge la Marekani kuomba radhi. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja. Mwaka huohuo Mary Barra, mkuu wa GM, aliketi kwenye viti kama vile kwa sababu ya swichi za kuwashia gari, kasoro ambayo mfuko wa fidia wa kampuni yenyewe uliihusisha na vifo 124. Mwandishi wa habari hupenda moshi, na hajali unatoka kwenye bomba la nani.

Kisha kuna jambo ambalo wanaolalamika huwa hawalitaji. Jarida la Motor Trend liliipa Chevrolet Vega tuzo ya Gari la Mwaka 1971, na Chevrolet Citation tuzo hiyohiyo mwaka 1980. Wanaokumbuka Vega wanakumbuka kutu na injini iliyochemka kupita kiasi. Wanaokumbuka Citation wanakumbuka breki na magari kurudishwa kwa matengenezo mara kwa mara. Hapo waandishi waliipendelea Detroit, na aliyelipia upendeleo huo ni mnunuzi.

Unaposoma, tofautisha mambo mawili. Makala ya mwandishi aliyeendesha gari siku nne inakupa ladha yake: usukani mwepesi, plastiki ya dashibodi, kelele za upepo. Huko upendeleo unaweza kupenya bila hata mwandishi mwenyewe kujua. Utafiti wa wamiliki ni kitu kingine. Jarida la Consumer Reports halichukui matangazo ya biashara, hununua lenyewe magari linayoyapima, na takwimu zake za uimara hutoka kwa maelfu ya wanachama wanaosema nini kiliharibika. Watu wa Detroit wamelilaumu kwa miaka mingi, lakini ni wapimaji wa jarida hilohilo ambao mwaka 2007 waliacha kuipendekeza Toyota moja kwa moja baada ya Camry ya V6 na pikapu ya Tundra kufanya vibaya, na mwaka 2013 wakaipa Chevrolet Impala alama 95, juu ya saluni nyingine zote zilizokuwa kwenye orodha yao wakati huo. Kampuni ya utafiti ya J.D. Power nao, wanaowauliza wenye magari mapya baada ya siku 90, waliiweka Buick, chapa nyingine ya GM, juu ya chapa zote mwaka 2022. Mtu aliyeapa kuionea Detroit asingeandika hayo.

Fundi wa Dearborn

Ninaunga mkono hapo juu, ila Mkongwe ameacha mfano ambao sisi mafundi tunaupenda kuliko yote. Kuanzia 1984 hadi GM ilipojiondoa mwaka 2009, GM na Toyota walikuwa na kiwanda cha pamoja Fremont, California, kilichoitwa NUMMI, palepale ambapo leo ni pa Tesla. Mstari mmoja, wafanyakazi walewale wa UAW (chama cha wafanyakazi wa magari), ulitoa Toyota Corolla na pia Chevrolet Prizm, ambayo mwanzoni iliitwa Geo Prizm. Injini ilikuwa moja na giaboksi moja. Nimezifungua zote mbili, na ukiondoa beji na taa huwezi kujua umelala chini ya ipi. Lakini Corolla iliuzwa kwa wingi zaidi na mtumba wake ukashikilia bei, ilhali Prizm ilishuka thamani haraka. Hapo ndipo ninapokubaliana na mzee: sifa ya jina hubaki nyuma ya ukweli wa chuma kwa miaka mingi. Aliyenufaika ni mjanja aliyenunua Prizm ya mtumba.

Sasa kwako wewe. Kabla hamjaanza kubishana Mmarekani na Mjapani, nendeni mkasome karatasi iliyobandikwa kwenye dirisha la gari. Sheria inawataka watengenezaji kuonyesha asilimia ya vipuri vya Marekani na Kanada, gari liliunganishwa wapi, na injini na giaboksi zimetoka nchi gani. Kisha tazama namba ya chesisi chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Ikianza na 1, 4 au 5, na siku hizi hata 7, limeundwa Marekani. 2 ni Kanada, 3 ni Mexico, J ni Japani, K ni Korea Kusini. Equinox za karibuni zimekuwa zikitoka Mexico. CR-V nyingi zinazouzwa huku zinatoka Ohio, Indiana na Ontario. Mwonyeshe mzee kwa adabu, usimwonyeshe kama mtu aliyeshinda kesi.

Bi Mkubwa wa Columbus

Mwanangu Mkwe wa Lansing, nimesoma yote, na naona wanaume wamekujibu kuhusu magari, wakamwacha mzee mlangoni.

Kwanza, wewe mwenyewe si hakimu asiye na upande. Sisi tuliokulia kwetu tulizaliwa ndani ya Toyota. Daktari alikuja na Landkruza, harusi ilipambwa juu ya Mark II, na mizigo ya duka ilibebwa na Hiace. Hatukukaa chini tukalinganisha. Tulirithi, kama mzee wako alivyorithi. Hata GM ilipokuwa na kiwanda Nairobi kwa miaka mingi, mtu wa kawaida aliyajua magari yake kama Isuzu, na mwaka 2017 GM ikawauzia Isuzu hisa zake ikaondoka. Kwa hiyo unaposoma makala inayoisifu Honda, sehemu ya furaha yako ni kwamba imekuambia ulichokwisha kuamini. Mzee naye akisoma makala hiyohiyo anahesabu matusi.

Pili, tazama hasara aliyoiona. Mwishoni mwa miaka ya 1970 GM ilikuwa na wafanyakazi wapatao 80,000 mjini Flint peke yake. Leo utawahesabu kwa maelfu machache. Mwaka 2009 GM na Chrysler zilifilisika mwezi mmoja baada ya nyingine, na watu wa umri wake walilala wakijiuliza kama hundi ya pensheni itakuja. Kwake, jirani aliyenunua gari la nje alikuwa anang'oa tofali kwenye ukuta wa nyumba yake. Sisemi hasira hiyo ilizaa mema siku zote. Mwaka 1982 hapo Detroit, Vincent Chin, kijana wa asili ya Kichina, aliuawa kwa gongo la besiboli na mfanyakazi wa magari na mwanawe wa kambo, katika siku ambazo kila mwenye sura ya Kiasia alilaumiwa kwa kufungwa kwa viwanda. Lakini mzee wako alikukaribisha, akakupa binti yake, na alichokataa ni gari tu. Hiyo ni heshima, hata kama ina mipaka ya barabara.

Usiende kwake na makala ya nne. Mwombe akusindikize kuchagua gari. Mtu aliyekagua rangi kwa miaka ataona kasoro ambazo wewe na mimi hatuzioni, na akishirikishwa katika kuchagua hatapata nafasi ya kukataa kilichochaguliwa.

Mwana wa Ilala

Mama ameongea. Nafuta kauli yangu ya kwa jirani, ila ya fundi naiacha.

Mkwe wa Lansing (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na hasa Bi Mkubwa, kwa sababu maneno yako yalinifanya nimpigie mzee simu usiku uleule. Jumamosi tulikwenda pamoja. Alivaa koti la kiwandani, lile lenye nembo ya chama cha wafanyakazi begani, na muuzaji wa kwanza alipomwona alimpeleka moja kwa moja kwenye Equinox.

Mzee hakufungua mlango. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa boneti, akainama kuutazama mwanga unavyoteleza ubavuni, akasema rangi imepigwa vizuri. Kisha nikamwomba tusome karatasi ya dirishani. Namba ilianza na 3. Alisoma mstari wa mahali lilipounganishwa, akarudia kuusoma huku kidole kikiwa juu ya kioo. Tulipofika kwa muuzaji wa Honda upande wa pili wa barabara kuu, alibaki ndani ya gari kama dakika tano, halafu akashuka. Namba ilianza na 7, na karatasi ikataja Indiana. Hakusema neno kuhusu waandishi wa habari. Alimuuliza muuzaji giaboksi imetoka wapi, akasubiri jibu, akaandika kwenye daftari lake dogo.

Njiani kurudi alisema kwamba kama suala ni mikono iliyolifunga gari, basi twende tukatazame Chevrolet Traverse ya mtumba, kwa kuwa hiyo inaundwa hapahapa Lansing na anawajua wawili watatu waliobaki kwenye mstari ule. Punguzo la familia halifiki kwenye mtumba, na Traverse ni kubwa kuliko tulivyokusudia, ila nimepata moja ya miaka mitatu ndani ya bajeti yetu. Tumekubaliana kwa sharti moja: ikaguliwe na fundi nitakayemchagua mimi, si wa muuzaji. Fundi wa Dearborn, kama Jumatano una nafasi, nitaileta kwako pamoja na mzee. Amesema atakuja na tochi yake mwenyewe.