Wajuzi wa seva: kadi ya diski imeanza kukokota, inadai betri. Nilazimishe au nisubiri?

Mwanga_Juu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, nahudumia kompyuta za chama cha kuweka na kukopa. Tuna seva moja ya kitambo, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika: diski 6 kwenye RAID 5 (zinagawana data ili moja ikifa isipotee), kadi ya kuziongoza ya MegaRAID 9260 yenye kache, yaani kumbukumbu ya muda, ya MB 512 na kibetri kimepachikwa juu yake.

Kukokotoa riba ya mwisho wa mwezi kulikuwa kunachukua dakika 25 hivi. Mwezi huu tumeanza saa 10 jioni, mpaka saa 2 usiku kazi bado, mhasibu ananitazama kama vile riba nimeificha mimi. Kufungua taarifa ni chap kama kawaida, ila ukihifadhi tu, inaganda. Taa za diski zote kijani. Nimepiga amri ya kukagua kadi, `storcli /c0/vall show`, safu ya kache inasema RWTD. Picha niliyopiga mwaka jana inasema RWBD.

Jamaa mmoja kanipa amri ya kulazimisha kadi iandike kwa kache hata bila betri, `wrcache=awb`, anasema betri ni urembo maana tuna UPS (betri ya nje ya kushikilia umeme ukikatika). Nimeshaiandika, sijabonyeza Enter. Semeni chochote kabla kidole hakijateleza.

Fundi_wa_Reli

Futa hiyo amri kwanza, kisha tuongee. Niko Tabora, nimelea kadi za aina hiyo miaka mingi.

Hizo herufi za katikati ndizo zinazokusumbua. WB maana yake kadi inapokea data, inaiweka kwenye kache yake, inaijibu programu "tayari", halafu inashusha kwenye diski kwa wakati wake. Kwa muda huo mfupi data yako iko kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na kinachoishikilia ni hicho kibetri, siku moja hadi tatu kutegemea aina na afya yake. Betri ikichoka, kadi inahamia yenyewe WT: haisemi "tayari" mpaka diski ziandike kweli. Kwenye RAID 5 hapo ndipo maumivu. Kila andiko dogo linataka kusoma data ya zamani, kusoma pariti (hesabu ya kufidia diski ikifa), kuandika data, kuandika pariti. Safari nne kwa shilingi mia tano ya riba ya mwanachama mmoja. Zidisha kwa wanachama wako wote.

Tuwekee matokeo ya `storcli /c0/bbu show all`.

Dagaa_Mkavu

Mnamtisha mwenzenu bure. Mimi ninayo AWB, hiyo ya kulazimisha, mwaka wa pili huu, betri nilishaitupa. UPS nzuri, jenereta nje, maisha yanaenda. Mkuu bonyeza ulale.

DadaSeva

@Dagaa_Mkavu nami nilikuwa nasema hivyohivyo, mpaka UPS yenyewe ndiyo ikazima seva. Ilikuwa duka la jumla, sitalitaja. Kuna mtu alihamisha printa ya leza akaichomeka kwenye UPS kwa sababu soketi ya ukutani ilikuwa imelegea. Printa za namna hiyo zikipasha joto zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Asubuhi umeme ulipoyumba, mtu kachapa ankara, UPS ikalia mara moja, giza. Umeme wa ukutani ulirudi baada ya dakika mbili tu.

Seva ilipowaka haikufika Windows. Ilisimama kwenye maandishi meupe yakisema data iliyokuwa kwenye kache imepotea, bonyeza kitufe chochote kuendelea. Nilikaa mbele ya hiyo skrini nikiogopa kubonyeza, kana kwamba nisipobonyeza itakuwa haijatokea. Hifadhidata ikagoma kufunguka. Programu ilikuwa imeambiwa "tayari" kwa mambo ambayo diski haikuwahi kuyaona. Tulirudi kwenye nakala ya siku mbili nyuma na rundo la risiti za karatasi, tukaingiza upya moja moja.

Na UPS haizuii pawasaplai kufa wala mtu kuchomoa waya. Kibetri kiko ndani, upande wa pili wa hayo yote.

Mwanga_Juu

Nimeifuta amri, dada. Matokeo: uwezo wa asili 1350, uwezo ikijaa 412, joto 49, inapendekeza kubadilishwa. Chumba chetu ni stoo chini ya bati, AC ilikufa, kuna feni. Nimefungua kifuniko, betri imevimba kidogo pembeni kama andazi.

Fundi_wa_Reli

Basi jibu unalo. Betri za lithiamu hazipendi joto, ndiyo maana yako imezeeka kabla ya siku zake. Iliyovimba usiibonyeze wala kuitoboa.

Kununua: soma namba iliyo kwenye lebo ya betri yenyewe, usiagize kwa jina la seva. Wengi watakutumia inayofanana kwa umbo. Ukiipata Dar, ipakie kwenye basi, na ikishafungwa tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye matokeo yaleyale. Betri inayoitwa mpya huku imekaa dukani miaka mitano, utairudisha ulikoitoa.

Kubadili: bekapu, na uijaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine, usiniambie tu "ipo". Zima seva kwa utaratibu wake ili kache ishuke yote kwenye diski, ndipo uchomoe nyaya zote mbili za umeme. Skrubu ni ndogo, weka kisahani.

Ukiwasha utaona bado RWTD. Usipige simu dukani kugombana! Betri inachaji kwa saa kadhaa, na kadi inaweza kuipima kwa kuimwaga na kuijaza tena. Kipimo hicho hujirudia kila baada ya mwezi au mitatu kulingana na ulivyopanga, na kadi nyingi za zamani hurudi WT kikiendelea. Kipange kiangukie Jumapili, si siku ya riba. Nimewahi kuitwa usiku mara mbili kwa "seva imekufa" kumbe ni hicho tu.

Dagaa_Mkavu

Sawa nimenyamaza. Ila hakuna za kisasa zisizo na betri?

DadaSeva

Zipo, zinatumia kapasita. Umeme ukikatika, kapasita inaipa kadi nguvu za kutosha kumwaga kache kwenye fleshi, basi, data inakaa humo hata wiki. Lakini lazima kadi yenyewe iwe imetengenezwa hivyo, huwezi kuipachika kwenye kadi ya Mwanga_Juu. Na wewe Dagaa, ulizima kache ya ndani ya diski zenyewe? Ile hailindwi na betri wala kapasita ya kadi.

Dagaa_Mkavu

Naenda kuangalia.

Mwanga_Juu

Mrejesho wakuu. Betri ilifika na basi Alhamisi, tarehe yake ni ya mwaka huu. Nimeifunga Jumamosi baada ya kujaribu bekapu (ya kwanza iligoma kufunguka, Fundi Mungu akubariki). Nimelala ofisini kwenye mkeka. Saa 11 alfajiri imesoma RWBD, joto 38, maana nimekata tundu la hewa ukutani na feni inapuliza kwenda nje. Riba imekwisha kwa dakika 24.

Betri kongwe nimeizika kwenye mchanga ndani ya kopo la rangi, liko uani. Mhasibu ameshauliza kama haiwezi kuchaji simu yake.