Mashine haiwaki tangu niweke antivirusi mbili, na TFC (kazi za kumalizia masomo) za wanafunzi zimo ndani

Mama Fotokopi, Kadutu (Bukavu)
Wandugu, naomba msaada wa haraka. Nina kibanda cha kuchapa na kupiga fotokopi hapa Kadutu, na mashine ni moja tu, HP yenye Windows 10 ya Kifaransa. Kwetu ugonjwa unaingilia kwenye flashi: mwanafunzi anachomeka, folda zake zote zimegeuka njia za mkato, ukibofya moja virusi vimeshahamia kwako. Antivirusi yangu muda wake ulikwisha. Juzi jioni nikaweka nyingine ya bure bila kutoa ile ya zamani, nikaona walinzi wawili watashinda mmoja. Ikaniomba niwashe mashine upya, nikakubali.

Tangu hapo inafika kwenye nembo ya Windows, vidoti vinazunguka, skrini inageuka bluu, inazima na kuanza tena. Mara moja iliandika «réparation automatique» (kujitengeneza yenyewe), nikaogopa nikaikata. Fundi mmoja anasema dawa ni kufomati, dola 15. Lakini ndani mna TFC tatu za watu wanaotetea Ijumaa. Mmoja wao hana nakala popote, ameiandika hapa hapa kibandani majuma mawili, akija jioni baada ya kazi. Nitamtazama vipi usoni?

Fundi wa Ibanda
Pole sana mama. Usifomati. Skrini ya bluu haimaanishi faili zimepotea, kuna uwezekano mkubwa TFC ziko salama. Antivirusi si kama Word. Inaweka draiva yake, yaani programu ndogo ya chini, ndani kabisa ya Windows ili kila faili inayofunguliwa ipite kwake kwanza. Zikiwa mbili, hii inaikagua ile, ile inaizuia hii, na kwa kuwa zinaamka mapema sana, mashine inaanguka kabla hujaandika nywila.

Hayo maneno uliyoyakata ndiyo mlango wenyewe. Chomeka chaja, washa, ukiona nembo bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mpaka yatokee tena, kwa kawaida ni mara mbili au tatu. Ingia Dépannage, Options avancées, Paramètres, kisha Redémarrer. Ikileta orodha yenye namba, bonyeza 4: hiyo ni hali salama, Windows inaamka na draiva chache tu. Ila uwe macho: usiguse «Réinitialiser ce PC», hiyo inaanzisha Windows upya kabisa na inaweza kufuta faili.

Kijana wa Goma
Yaya Fundi amesema vema, lakini mimi ningeokoa TFC kwanza. Tafuta flashi ya GB 8, mtu mwenye mashine nzima akuwekee Ubuntu, mfumo mwingine unaowaka kutoka kwenye flashi bila Windows. Kwenye HP bonyeza Esc unapowasha, halafu F9, chagua flashi. Chagua kuijaribu bila kuisakinisha, fungua diski, nakili faili kwenye flashi nyingine. Ikiuliza ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) wa tarakimu 48, usibahatishe, rudi hapa.

Mama Fotokopi, Kadutu (Bukavu)
Asanteni wanangu. Jirani kanisaidia na Ubuntu, haikuuliza ufunguo, TFC zote tatu nimezishika. Nimezifungua moja moja mpaka ukurasa wa mwisho. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Sasa niko kwenye hali salama, skrini nyeusi, herufi kubwakubwa. Ile ya bure imetoka. Ile ya zamani inakataa, inasema huduma ya Windows Installer haipatikani.

Fundi wa Ibanda
Ni kawaida mama, huduma hiyo hailali wala haijafa, katika hali salama haiwashwi tu. Watengenezaji wengi wa antivirusi wana kifaa chao cha kuing'oa. Kipakue kwenye tovuti yao wenyewe, si kwingine, kwa simu, ukihamishe kwa waya, ukiendeshe hapo hapo kwenye hali salama.

Na usijilaumu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikiwemo, na dawa ilikuwa hii hii: hali salama, futa faili moja, washa.

Mama Fotokopi, Kadutu (Bukavu)
Imewaka! Kifaa kilichukua dakika kumi, nikawasha mara mbili, ikanipeleka moja kwa moja kwenye nywila. Niweke antivirusi gani sasa?

Fundi wa Ibanda
Usiweke kitu. Defender, antivirusi ya Microsoft yenyewe, imo ndani ya Windows 10, ilijizima ulipoweka zile nyingine, na zikishatoka inarudi yenyewe. Fungua «Sécurité Windows» uhakikishe ina alama ya kijani, kisha isasishe. Flashi ya mteja ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, hata kama mtu ana haraka.

Mama Fotokopi, Kadutu (Bukavu)
Alama ya kijani ipo. Yule mwanafunzi asiye na nakala amekuja saa kumi na moja, nimemchapia nakala nne na nyingine nimemtumia kwa barua pepe yake akiwa amesimama hapo hapo.