Tupeane uzoefu: Kile kisu chembamba cha jeshi la Uswisi hakitoki tena, nyie mlihamia kipi?

Wakuu, salaam.

Wengine humu mnakijua kile kisu cha kukunja cha wanajeshi wa Uswisi: mpini wa aluminiamu wenye vijimiraba vya kushikia, na ngao ndogo nyekundu yenye msalaba. Urefu milimita 93. Ndani kuna bapa la kukatia, kifungua kopo, kifungua chupa chenye bisibisi, na chuma cha kutobolea, basi. Ni toleo la 1961, na Victorinox na Wenger walikuwa wakikitengeneza wote wawili. Mwaka 2008 jeshi likaleta toleo jipya la milimita 111, lenye mpini wa plastiki na loki, na hiki cha zamani kikaishia hapo.

Mimi ni fundi umeme. Changu kimenolewa mpaka bapa limebaki jembamba kama ulimi wa kenge. Nilichokipendea ni kwamba kinalala mfukoni. Ukikaa kwenye bodaboda hakikuchomi paja. Nikiulizia madukani naletewa madude meusi, mazito, yenye meno nusu ya bapa, utadhani naenda vitani. Waliopita njia hii, mlichukua kipi?

Fundi viatu, Moshi
Mkuu, usihangaike. Chukua Pioneer ya Victorinox. Ni 93 ileile, vifaa vilevile, mpini uleule wa aluminiamu. Kilichoongezeka ni kipete cha funguo. Kinalialia na sarafu mfukoni, mimi nilikichomoa. Kile chuma cha kutobolea ndicho kinanilisha. Ila ukitoboa mkanda, kizungushe taratibu, usikisukume kwa nguvu. Hakina loki, kikijikunja ni vidole vyako.

Mama Nuru, Tanga
Mnasahau Cadet. Familia ileile ya mpini wa aluminiamu, ila ni milimita 84 na nyembamba zaidi ya Pioneer. Naiweka kwenye pochi siioni wala siisikii. Badala ya chuma cha kutobolea wameweka tupa ya kucha. Kwangu tupa ina kazi kila siku. Wewe fundi umeme utajua mwenyewe.

Dereva wa masafa
Mimi natumia Okapi. Ilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya kuuzwa makoloni ya Afrika, siku hizi inatoka Afrika Kusini. Mpini wa mti umepambwa mwezi na nyota, na ukiifungua inalia kra-kra-kra mpaka ifike mwisho. Kuifunga unavuta kile kipete cha mgongoni. Bei yake haiumizi, na bapa la kaboni linanoleka hata kwenye jiwe la barabarani. Lakini kule kwao mitaani ina jina baya, watu wanaihusisha na wahuni. Ukiitoa ukamenye chungwa hadharani, watu wanasogea pembeni. Mimi naiacha garini.

Mvuvi mstaafu, Pemba
Sheikh, mwanangu aliniletea Opinel namba 8 kutoka Ufaransa. Nyepesi mno, na ina pete ya chuma pale shingoni: ukiizungusha, bapa halirudi. Kwa ukali hakuna mfano. Tabu ni mbili. Masika ikiingia, mpini wa mti unavimba na kubana bapa ndani. Kucha haifungui, mpaka ugongeshe kitako cha mpini juu ya meza ndipo ncha ichomoze kidogo. Pili, yangu ni ya kaboni. Nilikatia embe mbichi, nikageuka kusalimia mtu, kurudi bapa limeshapiga weusi na embe lina ladha ya msumari. Ukiwa pwani chukua ya chuma kisichoshika kutu, na mpini uupake mafuta.

Mdau, Leicester
Kwa tulio huku, msikilize fundi wa Moshi. Sheria ya Uingereza inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasiyozidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62. Chenye loki lazima uwe na sababu ya maana ya kuwa nacho. Hiyo Opinel ya mzee ina loki, na bapa lake ni sentimita 8.5, kwa hiyo imekwama kote kuwili. Yangu inabaki jikoni.

Mzee wa mtumba
Kwani lazima kipya? Hivyo vya 1961 vimejaa kwenye mtumba wa Ulaya. Angalia shina la bapa, karibu na bawaba: cha jeshi kina jina la kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Niliwahi kuuziwa cha bandia, msalaba umepakwa rangi tu na springi imelegea, bapa linaning'inia. Cha kweli ukikifunga kinapiga "tak!" chenyewe.

Mleta mada
Nimewasoma wote. Cadet ingenishinda, maana kile chuma cha kutobolea nakitumia kwenye boksi za swichi. Naenda na Pioneer, na kipete nakichomoa siku hiyohiyo. Cha mtumba nacho nitakiwinda polepole, Mzee njoo PM. Kama kuna anayeshuka kutoka Ulaya mwezi ujao tuwasiliane, ila tafadhali kikae kwenye begi la kupakia chini ya ndege. La mkononi watakuchukulia palepale kwenye ukaguzi.