Watoto 52, kosta mbili na picha za Tingatinga: nawafanyaje wasipite tu?

Mwalimu wa Chaki

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kibaha, Darasa la Nne. Somo la Sanaa na Michezo lilipoanza kufundishwa nikajikuta ndiye "mwalimu wa kuchora", kisa mwandiko wangu ubaoni unasomeka. Mwezi ujao nataka kuwapeleka watoto 52 Dar: asubuhi Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, mchana kwa wachoraji wa Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, Morogoro Stores, Oysterbay. Mwalimu Mkuu amekubali, kibali kinafuatiliwa, kosta mbili nimeshaongea nazo.

Kinachonisumbua siyo nauli. Mwaka juzi niliwapeleka wengine kwenye maonyesho ya picha, mahali sitapataja. Tulipangwa mstari mlangoni: msiguse, msiongee, msisimame njiani. Dakika 20 tukawa tumetokea mlango wa nyuma. Picha zilitundikwa usawa wa kichwa changu, na mimi ni mrefu, kwa hiyo wale wadogo waliona fremu. Kesho yake nikawapa insha. Mmoja akaandika: "Tuliona picha nyingi. Baadaye tulikula chipsi mayai. Chipsi zilikuwa tamu." Nilimpa maksi zote maana alisema kweli.

Sasa juzi kwenye kikao cha wazazi baba mmoja kasimama: "Mwalimu, mwaka huu wana upimaji wa taifa, wewe unawapeleka kuangalia picha za twiga?" Watu wakacheka. Nami nikababaika, nikajibu vitu visivyoeleweka.

Aliyewahi kupeleka watoto, au anayefanya kazi sehemu hizo, anisaidie. Nawafanyaje wasipite tu?

Dada wa Bustani

Pole Mwalimu, hiyo ya chipsi nimecheka sana.

Niliwahi kuongoza wanafunzi makumbusho, siyo hapo mnapokwenda, lakini watoto ni walewale. Kosa la kwanza la walimu ni kutaka vyote. Binadamu wa kale, Wajerumani, magari ya viongozi, sanaa, mpaka saa sita watoto wamelegea kama mchicha wa jana. Chagua vyumba viwili, basi. Piga simu wiki kadhaa kabla, useme wapo wangapi, wana umri gani na mnataka kuona nini, ili mpate mtu wa kuwapokea anayejua kuongea na watoto. Msifike ghafla kama mvua ya Aprili.

Habari ya Zinjanthropus, lile fuvu la kale sana lililopatikana Olduvai 1959, usiwazuie kuikimbilia. Ila wakifika usiwahutubie. Mimi nilikuwa nauliza swali moja: magego makubwa namna hii, huyu alikuwa anakula nini? Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Kuna katoto ka Mbagala kaliangalia mpaka nikadhani kamelala wima, kisha kakasema, "Mahindi ya kuchoma, yaliyopoa." Mjadala ulioanza hapo hata mimi nilijifunza kitu.

Wagawe makundi manne ya watoto 13. Makundi mawili ndani, mawili nje kwenye kivuli yanachora kwa kukumbuka, halafu mnabadilishana. Penseli tu, kalamu za wino zibaki kwenye gari. Kila kundi linahitaji mtu mzima wa kwake. Na huyo baba aliyesimama kikaoni, mwalike awe mmojawapo. Nasema kweli.

Kijana wa Sinza

Mwl kwa nini msiende Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo? Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, watoto wanaingia ndani kabisa. Picha ukutani zinawachosha bure.

Mwalimu wa Chaki

Huko tulishaenda na Darasa la Tano mkuu, palikuwa pazuri. Safari hii nataka picha kwa makusudi, maana ndiyo niliyoshindwa mara ya kwanza.

Rangi Mbichi

Mwalimu shikamoo. Mimi nachora Tingatinga, nilifundishwa na mjomba. Nisikilize kwa upande wa brashi.

Kwanza wape habari za mtu kabla ya picha. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akafanya kazi za ndani kwa mzungu. Kuchora alianza 1968. Alitumia mbao za silingi, zile laini zilizobanwa, kipande cha kama futi mbili kwa mbili, na rangi za baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. 1972 akapigwa risasi na polisi walioidhania gari aliyokuwamo kuwa ni ya wezi. Miaka minne tu. Waambie Darasa la Nne: ni tangu mlipoingia la kwanza mpaka leo. Watanyamaza wenyewe.

Pili, usiwaonyeshe picha 200. Chagua moja yenye ndege wengi, waiangalie dakika tano, kisha ifunike kwa kanga. Uliza ndege walikuwa wangapi, yupi kageuka nyuma, rangi ya chini inaanzia wapi kukolea. Watabishana mpaka wapigane. Funua.

Tatu, hili walimu huwa hawalijui. Sisi tunapaka rangi ya chini kwanza, tunaacha ikauke, mnyama anakuja kesho yake. Mkifika saa nane mnataka mtoto amalize picha, haiwezekani. Ongea na wachoraji mapema wakuandalie vibao vidogo ambavyo chini kumeshakauka, watoto wapige mnyama na madoa tu. Mpatane bei hiyohiyo siku, na usishangae wakikuita mteja, ndiyo ugali wetu.

Na madoa ya chui siyo kuchovya ovyo. Brashi inagusa, inainuka. Ukiiburuta unapata kiwavi. Kila mtoto atapata viwavi vyake vya kwanza, muache.

Nne, SARE! Rangi ile ni ya mafuta, haitoki kwa sabuni ya unga. Inatoka kwa mafuta ya taa, na shati nyeupe haitarudi ilivyokuwa. Kila mtoto aje na fulana kuukuu ya kuvaa juu, la sivyo kikao kijacho cha wazazi hutatoka salama.

Mwalimu wa Chaki

Rangi Mbichi, marahaba, na asante. Dada wa Bustani, nimefuata ushauri wako mpaka sasa najiona mjinga.

Nimemwendea yule baba gereji kwake. Kumbe anachomelea mageti. Nikamweleza habari ya fulana na rangi ya mafuta, akaniuliza rangi gani hasa. Nilipomwambia akanionyesha makopo yake, akasema "si hii hapa ninayopakia mageti?" Tumekaa saa nzima. Anakuja, tena anasimamia kundi la tatu, na vibao 52 atavikata yeye kutoka kwenye mabaki ya silingi.

Ila ana swali, kanituma niulize: hiyo rangi ya chini mnapaka mara ngapi?

Rangi Mbichi

Mimi mara mbili. Mwambie ya pili asiiwahishe.